Ukoka upi kwa ua wako
Kabla hujanunua ukoka, kaa barazani siku nzima uangalie jua linapita wapi. Mimi sikufanya hivyo. Hapa Kigamboni nilipanda ukoka wa jua chini ya mwembe. Miezi mitatu baadaye pakabaki mchanga na majani makavu. Penye kivuli weka ukoka aina ya pemba, ile ya jani pana. Hata upepo wa chumvi inauvumilia. Ukoka aina ya kikuyu waachie watu wa Arusha na Limuru, kwenye baridi. Halafu maji: kama unanunua ya boza, punguza eneo, kwingine mwaga kokoto. Panda masika yakianza, vipandikizi viachane sentimita 15 hivi. Na watoto wa mpira? Watengee kona yao ya mchanga. Hapo huwawezi.