Ukitaka kumsimulia jirani habari za Yesu

Nakaanga samaki sokoni hapa Bagamoyo, na karibu kila anayenunua kwangu ni Mwislamu: wavuvi, wachuuzi wa mnadani, kina mama wa Dunda na Magomeni. Wenzangu wa jumuiya ya kanisani huniuliza napata wapi ujasiri wa kumtaja Yesu mbele yao. Nitaeleza ninavyofanya, maana wengi wanatamani kusema lakini ulimi unakuwa mzito.

Kwanza chagua jambo moja ambalo Mungu amekutendea wewe. Usianze na Adamu. Yule mtu wa Wagerasi katika Marko 5, aliyetolewa pepo, alitaka kumfuata Yesu chomboni, naye Yesu akamrudisha kwao akawasimulie aliyotendewa. Hakuwa amesoma katekisimu hata siku moja. Langu ni hili: mume wangu alipofariki, nduguze walichukua ngalawa na nyavu, nikabaki na watoto na chuki iliyoninyima usingizi. Nilisali miezi mingi, hata shemeji yangu alipougua nikaweza kumpelekea uji kwa moyo mweupe. Hilo nimelipitia mwenyewe, hakuna wa kunibishia.

Ukishalipata lako, liseme kwa sauti ukiwa peke yako. Mimi hulisema alfajiri nikipara magamba. Lisizidi muda wa kukaanga karai moja la vibua. Yale maneno tuliyozoea kanisani yaache. Mwambie mtu kwamba usiku ule ulilala mpaka asubuhi, ataelewa.

Halafu tafuta mtu mmoja, na awe yule ambaye msibani kwake uliwahi kuketi mkekani. Ukimletea habari za imani mtu ambaye hujawahi kumuuliza hali ya mwanawe, anakusikia kama mnadi samaki. Mara nyingi hutahitaji hata kuanzisha. Mama anayeuza chapati pembeni yangu aliniuliza mwenyewe: "Yule si ndiye aliyekuchukulia ngalawa? Uji wa nini tena?" Waraka wa kwanza wa Petro, 3:15, unatutaka tuwe tayari kumjibu anayeuliza, na upole unatajwa hapohapo. Nikamjibu, "Mwenzangu, nilimwomba Yesu aniondolee ile chuki, akaniondolea." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hebu nieleze vizuri."

Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika mji huu mwaka 1868 waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawapa pa kuishi, mashamba na ufundi. Nikipita kwenye njia ya miembe ya misheni huwa nalifikiria hilo. Uji utangulie, maneno yafuate.

Kama hakuna aliyeuliza, omba ruhusa: "Jirani, naweza kukueleza jambo lililonisaidia?" Akisema hapana, mnunulie chapati, na salamu ya kesho iwe ileile.

Waislamu wanamheshimu Isa bin Mariamu. Wanajua alizaliwa na bikira, wanajua aliponya vipofu na wakoma. Anzia hapo. Mtume wao usimguse kwa neno baya, na Utatu usibishaniwe juu ya karai la mafuta. Usiseme wakati wa adhana, wala jioni ya Ramadhani mtu anaposubiri futari, wala makaburini. Watoto wa watu usiwaite pembeni. Zungumza na wazazi wao. Ukiulizwa usilolijua, sema utamuuliza padri, umuulize kweli, na urudi na jibu.

Woga utakuwepo. Mimi mpaka leo mikono hunitoka jasho. Katika Matendo 4, Petro na Yohana wametoka kulala mahabusu, wamekatazwa kulitaja jina la Yesu, na waumini wanapokutana wanaomba wapewe ujasiri. Walioishi na Bwana na kumwona kwa macho yao waliuomba! Basi na wewe uombe kabla hujatoka nyumbani, na mwenzako mmoja wa jumuiya akuombee siku hiyohiyo. Usingoje mpaka moyo utulie ndipo useme.

Akitaka kujua zaidi, someni pamoja Injili ya Luka, sura moja kila mnapokaa, kwake au kwako, na watu wa nyumbani kwake wajue mnachosoma. Kwa padri mpeleke atakapoomba mwenyewe.