Kubeba samani na mizigo mikubwa kwa gari lako mwenyewe Dodoma, hatua kwa hatua

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii wanaanza kwa kuwaza gari. Mimi nakushauri uwaze mlango kwanza. Kitanda, kabati, friji na seti ya makochi vyote vitapanda kwenye gari. Kazi ngumu ni kuvitoa nyumba moja na kuviingiza nyingine vikiwa salama, kwa bei ileile mliyokubaliana asubuhi. Dereva anayeuliza vizuri kwenye simu anarudi na faida yake. Asiyeuliza anabishana na mteja getini, jua la saa saba linawaka na vijana wanadai hela yao.

Kazi ipo. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji umetanuka kila upande: Ilazo, Iyumbu, Njedengwa, Nzuguni, Nala, hadi Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Kuna watumishi wanaohamishwa, wapangaji wanaotoka chumba kimoja kwenda viwili, na watu wanaohamia nyumba zao kabla hata hazijapigwa rangi. Mkutano wa bajeti wa Bunge kuanzia Aprili, kisha mwaka mpya wa fedha mwezi Julai, vyote vinaleta watu na vyombo vyao.

Hatua ya 1: Chagua gari kwa futi kamba

Kirikuu, yaani pikapu ndogo kama Suzuki Carry, inatosha kuanzia. Bodi yake, pale unapokaa mzigo, ina urefu wa sentimita 194 hivi na upana wa sentimita 141, na imeundwa kubeba kilo 350. Zishike namba hizo kichwani, kwa sababu ndizo zitakazokuambia ukubali kazi gani. Kitanda cha 5 kwa 6 kina urefu wa futi 6, yaani sentimita 183, kwa hiyo mbavu na chaga zinalala vizuri ndani ya bodi. Kichwa cha kitanda cha 6 kwa 6 hakilali kwa upana, kinasimama kwa ubavu wa gari. Kabati la mninga la milango mitatu, friji na vijana wawili wamekaa juu ya mzigo: hapo kilo 350 zimekwisha, hata kama nafasi bado inaonekana.

Nyumba nzima ya vyumba vitatu ni kazi ya lori dogo, Canter. Usiogope kumwambia mteja hivyo. Ukimpeleka kwa mwenzako mwenye Canter, kesho mwenzako atakuletea mwenye friji moja tu.

Hatua ya 2: Karatasi

Hapa sitakaa sana. Unahitaji leseni ya udereva yenye daraja la gari la mizigo, TIN ya biashara kutoka TRA, bima iliyo hai, na leseni ya usafirishaji mizigo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Gari la biashara linavaa namba nyeupe. Ukibeba mzigo wa kulipwa kwa namba ya njano, trafiki ana haki ya kukusimamisha na mteja atakaa barabarani pamoja nawe.

Ziko karatasi mbili za mteja ambazo madereva wengi wanazisahau. Anayehama nyumba aje na barua ya serikali ya mtaa anakotoka, hasa kama mtachelewa njiani na giza likaingia, maana gari lililojaa TV na magodoro saa tatu usiku linaulizwa maswali, na ni sawa liulizwe. Anayenunua samani mpya dukani, zisafiri na risiti yake ya EFD.

Hatua ya 3: Maswali ya simu

Hapa ndipo pesa yako ilipo, kwa hiyo soma taratibu. Mteja akipiga atasema, "Kaka, nina vitu vichache tu, nahama Chang'ombe kwenda Iyumbu, shilingi ngapi?" Usitaje bei. Jibu kwa heshima: "Sawa dada yangu, nitakutajia sasa hivi. Naomba kwanza unitumie picha za vitu vyote kwa WhatsApp, kila chumba, na picha ya mlango wa huko unakokwenda."

Kisha uliza haya. Kitu kizito kuliko vyote ni kipi? Kabati linafunguka, au fundi amelipiga misumari na gundi? Ni nyumba ya chini au kuna ngazi? Gari litafika mlangoni, au litaishia barabarani na vitu vibebwe hatua mia? Kuna vijana wa kubeba au nije nao? Nyumba ina kibao cha namba kile cha anwani za makazi? Kama hakuna, maana mitaa mipya mingi bado, atume lokesheni akiwa amesimama pale pale, asikuelekeze kwa "ukifika kwenye mbuyu uliza".

Swali la mwisho ndilo linalookoa: grili. Nyumba zetu nyingi zina mlango wa mbao na mlango wa grili mbele yake. Mteja akipima, anapima mlango wa mbao. Wewe mwambie apime uwazi unaobaki grili ikiwa imefunguka hadi mwisho wake, kwa sababu nyingi hazifunguki kabisa, zinagonga nguzo ya baraza au ukuta. Mlango wa sentimita 90 unaweza kubaki na uwazi wa 78. Kochi la kina cha 85 halitapita likiwa limekaa, na ni bora mlijue hilo saa mbili asubuhi kuliko kochi likiwa limeshashuka kwenye vumbi.

Hatua ya 4: Bei

Hesabu vitu vinne: mafuta ya kwenda na kurudi, vijana, muda, na gari lenyewe. Watu wanahesabu viwili vya mwanzo halafu wanashangaa tairi zikiisha hawana akiba. Tuseme gari lako linakula lita 1 kwa kilomita 10 likiwa na mzigo. Kutoka katikati ya mji hadi Mtumba ni kilomita 17 hivi, kwenda na kurudi 34, hivyo weka lita 4, maana utazunguka kutafuta nyumba. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo pitia bei zako upya.

Taja bei moja yenye kila kitu, kisha useme ni nini kitaibadilisha: "Bei hii ni ya vitu vilivyo kwenye picha, vijana wawili, mlangoni hadi mlangoni. Kikiongezeka kitu tutaongea kabla hakijapanda." Iandike kwenye WhatsApp ili isomeke. Chukua kianzio kinachotosha mafuta na vijana kabla hujawasha gari.

Hatua ya 5: Kufungua na kutoa

Kabla hujagusa kitu, piga picha ya kila mkwaruzo uliopo, mbele ya mwenye mali, na umtumie. Hakuna atakayekuona una kiburi. Mama mmoja aliniambia picha zile ndizo zilizomfanya aniamini na shoo kesi ya marehemu mama yake.

Beba bisibisi, spana, alenkii, solotepu na mifuko midogo ya nailoni. Boliti za kila samani ziingie mfuko wake, na mfuko ubandikwe kwenye samani hiyohiyo. Milango ya kabati ifunguliwe na isafiri peke yake ikiwa imefungwa blanketi. Mwambie mteja nguo na vyombo vitoke ndani. Kabati lenye nguo linaachia viungio vyake kwenye tuta la kwanza.

Kochi la watu watatu ambalo halipiti, lisimamishe wima juu ya mkono wake mmoja, mgongo utangulie kuingia mlangoni, kisha lizungusheni polepole huku linapita, ili sehemu ya kukalia ifuate kona ya fremu. Kijana wa ndani ndiye anayeongea, wa nje ananyamaza na kufuata. Wakiongea wote wawili, rangi ya ukuta inabanduka. Likikataa, msilisukume. Fungueni miguu ya kochi, mara nyingi ni sentimita kumi za bure.

Friji isimame wakati wote. Toa rafu zake, funga mlango kwa solotepu, iegemeze kwenye kabini. Ikilazimika kulala, mafuta ya kompresa yanaingia kwenye mirija, kwa hiyo mteja asiiwashe ikifika: ikae wima angalau muda uleule iliolala, na kama ilikuwa safari ya siku nzima, ikae hadi kesho yake. TV nayo isimame, isilazwe chali hata kama iko kwenye boksi. Mtungi wa gesi ufungwe, regulata itolewe, ubaki wima.

Hatua ya 6: Kupanga na kufunga

Vizito viende chini na mbele karibu na kabini, vyepesi juu na nyuma. Kati ya mbao na mbao weka kitu laini: mto wa kochi, blanketi, boksi lililofunguliwa. Godoro ni la thamani sana hapa. Likisimama kati ya kabati na kichwa cha kitanda, linalinda vyote viwili.

Kosa ninaloliona kila wiki barabara ya Singida ni godoro lililolazwa juu kabisa na kamba moja katikati. Dodoma ina upepo, na kuanzia Juni hadi Oktoba unavuma kweli. Upepo unaingia chini ya ukingo wa mbele, unaliinua, kamba ya katikati inageuka bawaba. Kama lazima likae juu, funga ukingo wa mbele kwanza, kisha wa nyuma, kisha piga msalaba kutoka pembe hadi pembe.

Namna ya kukaza: funga mwisho mmoja wa kamba kwenye kulabu ya bodi, uvushe juu ya mzigo. Upande wa pili, kama usawa wa kiuno chako, tengeneza kitanzi kwenye kamba yenyewe. Pitisha mwisho wa kamba chini ya kulabu, urudishe juu uupitishe ndani ya kitanzi, halafu vuta kuelekea chini kwa uzito wa mwili. Kamba inalia kidogo, mzigo unatulia. Bana kwa kidole gumba hapo kwenye kitanzi, kisha funga fundo. Tumia kamba ya manila, ile ya plastiki. Katani inabadilika ikilowa na ikikauka. Mpira wa tyubu ni mzuri kuzuia mlango wa friji usicheze, lakini usiutegemee kushika kabati, maana unavutika. Kamba inapopita kwenye kona ya mbao iliyopigwa vanishi, weka boksi chini yake.

Kitu kikitokeza nyuma ya bodi, mwisho wake ufungwe kitambaa chekundu. Baada ya kilomita moja au mbili simama, zunguka gari, kaza tena. Mzigo hukaa sawa ukishatikisika, na kamba iliyokuwa ngumu unaikuta imelegea.

Hatua ya 7: Barabarani

Kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na ukiwa na kioo ni chini ya hapo. Miezi ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, beba turubai hata kama asubuhi anga ni jeupe. Mitaa mipya mingi inafikiwa kwa kuvuka korongo la mchanga. Likiwa kavu, vuka kwa gia ndogo bila kusimama katikati. Maji yakiwa yanapita, simama ng'ambo hii, mpigie mteja, subirini. Hakuna kochi linalostahili kuingizwa kwenye maji hayo, na vijana wako wamekaa nyuma.

Hatua ya 8: Kushusha na kulipwa

Muulize mwenye nyumba kila kitu kinakaa wapi kabla hakijashuka. Kitanda na chaga viingie kwanza chumbani, kifungwe, kisha godoro. Familia iliyohama na watoto inahitaji mahali pa kulala kuliko inavyohitaji shoo kesi. Malizia kazi hiyo hata kama si sehemu ya mapatano, ni dakika kumi na tano za alenkii.

Malipo yaliyobaki yaingie vitu vikiwa ndani, kwa lipa namba au taslimu. Angalia salio lako mwenyewe, usiridhike na ujumbe wa kuonyeshwa. Kitu kikivunjika mikononi mwenu, kiseme wewe kabla mteja hajakiona, na fundi seremala umtafute wewe. Kuwa na fundi mmoja unayemwamini. Huyohuyo ndiye atakayekuita akiwa na kabati jipya la kupeleka kwa mteja wake.

Safari za nje ya mji

Kongwa, Bahi, Manyoni, Kondoa, hata Singida: zikubali ukishazoea mji, na bei ihesabu kurudi tupu. Ukiwa na Canter, kumbuka magari yanayozidi kilo 3,500 yanapita mizani. Mzigo wa kurudia ukipatikana ni faida yako. Mahindi ya Kibaigwa ni mzigo safi. Alizeti ya Singida nayo ni nzuri ikiwa kwenye magunia. Mafuta ya alizeti kwenye madumu yabebe siku ambayo huna samani kabisa, na bodi ioshwe kwa sabuni kabla ya kochi la kesho, kwa sababu kitambaa kikishanyonya mafuta hayo hakuna fundi wa kukirudisha.