Namba ya tarakimu 20 na kalamu moja

Nina kiduka Langoni, hapa Lamu. Jioni huwanunulia watu tokeni za stima kwa simu, nikawaandikia kwenye karatasi. Usiku mmoja bibi wa jirani alirudi na tochi mkononi, mita imemkatalia: nilikuwa nimeandika 6 mahali pa 8. Nilisikitika sana. Tangu hapo sitoi karatasi kabla ya hesabu hii.

Tuchukue namba ya kubuni: 4127 0863 5591 2207 7816. Kikokotoo changu kina nafasi 12 tu, hakiiwezi. Basi jumlisha mafungu: 4127 na 863 ni 4990, tia 5591, 10581, tia 2207, 12788, tia 7816, 20604. Imepita tarakimu nne, kwa hiyo ile 2 ya mbele iongeze kwenye 604. Unapata 606.

Mimi hupata 606 kwa namba iliyo kwenye simu, kisha hujumlisha upya nilichoandika. Tarakimu moja ikikosewa, au mbili zinazofuatana zikipishana, 606 haitoki. Mafungu mazima yakibadilishana nafasi hesabu haitagundua, hapo tumia macho.

Siri iko kwenye 9999. Kila elfu kumi ukiitoa 9999 inabaki 1, ndiyo maana fungu lolote, hata liwe mbali vipi kushoto, unalijumlisha kama lilivyo. 606 ni baki ya namba nzima ikigawanywa kwa 9999. Na 9999 ni 9 × 11 × 101! Kwa hiyo ukitaka kujua habari za 3, 9, 11 au 101, iulize 606 peke yake. Ni 101 mara 6: namba yetu inagawanyika kwa 101 na kwa 3. Kwa 9 inabaki 3, kwa 11 inabaki 1.

Mpwa wangu aliniuliza kama ni mraba kamili, yaani namba nzima mara yenyewe. Katika mraba kila namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe) huingia mara shufwa. Hapa 3 imeingia mara moja tu, 9 imekataa. Si mraba, wala hukutafuta kipeuo cha pili.

Kwa 8 tazama mkia tu: 816 ni 8 × 102, inakubali.

Kwa 7 na 13 kata upya, tatu tatu kutoka kulia, ukitoa na kujumlisha kwa zamu, kwa kuwa 1001 ni 7 × 11 × 13: 816 − 77 + 122 − 559 + 863 − 270 + 41 = 936. Kwa 7 inabaki 5. Kwa 11 inabaki 1, ileile ya mwanzo, nami hufurahi kila njia mbili zinapokutana hivyo. Na 936 ni 13 × 72. Basi zidisha 8, 3, 13 na 101: namba yetu yote inagawanyika kwa 31,512.