Kuku wachache nyuma ya nyumba: anza na banda na chanjo

Kama una kauwanja nyuma ya nyumba na unapenda kuku, sio biashara, wale wa kukaa kuwaangalia jioni na yai la chai asubuhi, inawezekana kabisa, ila kuku wanunuliwe mwisho. Banda kwanza. Kwa mitetea watano na jogoo mmoja wanaoshinda nje mchana, mita 2 kwa mita 1 inatosha, bati juu, wavu wa matundu madogo kwenye madirisha maana kicheche anapenya sehemu usiyoitegemea, chini mwaga maranda, weka na fito za kulalia coz kuku hapendi kulala chini. Maranda yakilowa yatoe siku hiyohiyo.

Sasa chanjo, na hapa naomba unisikilize kweli. Kideri (mdondo) ndo kinamaliza kuku wa kienyeji, jioni wazima asubuhi wamejikunja, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, na dawa ya kukitibu HAIPO. Kuna chanjo ya I-2 kwenye maduka ya mifugo, tone moja kwenye jicho moja, unarudia kila miezi 3. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi sana na ukishakifungua hakikai, kwahiyo ongea na majirani mchanje siku moja, tena ndo vizuri zaidi maana kuku wa jirani akiumwa na wako yuko hatarini. Chanja wazima tu, anayeumwa chanjo haimponyi. Mgeni yeyote unayemleta baadaye, hata wa zawadi, mtenge wiki 2 kwanza.

Mitetea chukua wanaokaribia kutaga, vifaranga wanataka joto na uangalizi, waache mpaka uzoee. Chakula pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo, mchicha, na maganda ya mayai yaliyopondwa ili mayai yasiwe laini. Pumba zenye ukungu tupa jamani hata kama umezinunua jana, zina sumu. Maji safi kila siku.

Jogoo sio lazima kama unataka mayai ya kula tu, mtetea anataga bila yeye, ila hayo hayaanguliwi. Ukitaka vifaranga mwachie mtetea anayeatamia mayai 10 hivi, siku ya 21 wanatoka, halafu wafunike na mama yao kwenye tenga wiki za mwanzo coz mwewe anakuwa ameshawaona.