Dawa ya Chuchu Siyo Dawa ya Banda

Masika haya nilipita kwa mama mmoja Kibosho, anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa ndani ya migomba. Mmoja alikuwa anarusha teke kila akiguswa kiwele. Nilipoinama nikaona chuchu zimekauka, ncha zimepasuka kama visigino vya mtu anayetembea peku kiangazi. Kumbe mama alikuwa anaziosha kwa Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, bila kupima, kwa sababu aliambiwa inaua vijidudu.

Inaua kweli, ila inachoma na ngozi. Na ule mpasuko ndipo bakteria wa ugonjwa wa kiwele wanapojificha, kwa hiyo alikuwa anaukaribisha ugonjwa anaouogopa. Iliniuma, maana mama yule ni msafi kuliko wengi.

Dukani zote zinaitwa dawa za kuua vijidudu, lakini moja imetengenezwa kwa ajili ya mwili na nyingine kwa ajili ya sakafu, ndoo na buti. Soma lebo kabla hujalipa.

Ya chuchu ni ile ya kuchovya yenye iodini ya asilimia 0.5 hadi 1. Ukimaliza kukamua, chovya kila chuchu mpaka uone tone linaning'inia kwenye ncha, kisha mpe ng'ombe majani au pumba ili abaki amesimama. Tundu la chuchu hukaa wazi nusu saa au zaidi. Akilala kwenye samadi muda huo, kazi yako imepotea. Iodini kali ya kitovu cha ndama, ya asilimia 7, usiipeleke kwenye chuchu hata kama rangi zinafanana.

Bandani, anza na koleo. Klorini humalizwa nguvu na kinyesi, hivyo kumwaga Jik juu ya samadi ni kumwaga hela. Kwangua, sugua kwa maji na sabuni, suuza vizuri, ndipo uweke dawa. Usiruke kusuuza: klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa inayokaba kifua, na mabanda yetu ya mlimani tumeyaziba kwa ajili ya baridi.

Ng'ombe akitupa mimba, mwite afisa mifugo na usishike chochote bila glavu, maana huenda ni brusela, nayo humpata hata binadamu. Sakafu ikishasafishwa, Jik ya asilimia 3.5 changanya kikombe kimoja na maji vikombe sita, mwagia, acha dakika 10 au zaidi, suuza. Mnyama arudi sakafu ikiwa kavu.

Mchanganyiko huo tengeneza wa siku hiyo tu. Chupa ya Jik ikae kivulini, imefungwa, kwani jua huipunguza nguvu. Wala usiihamishie kwenye chupa ya soda; watoto wanarudi shule na kiu.