Maji yakipungua kwenye rejeta ya gari la zamani

Gari langu ni Morris Minor yenye injini ya cc 1098, ya ukoo wa injini uitwao A-Series, ulioanza mwaka 1951 na kutengenezwa mpaka 2000. Ninayoyaeleza hapa ninayafanya kwenye injini hiyo, ila karibu yote yanafaa kwa injini yoyote ya zamani yenye bloku ya chuma, rejeta ya shaba na hozi za mpira. Wenye Volkswagen Beetle wapumzike, maana injini yao inapozwa kwa upepo.

Kwanza hakikisha kwamba maji yanavuja kweli. Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 hayana chupa ya akiba. Ukijaza rejeta mpaka shingoni, maji yakipata moto yanatanuka na ziada inatoka kupitia kipaipu kilicho ubavuni mwa shingo. Kesho yake unafungua, unakuta yamepungua, unajaza tena, yanamwagika tena. Wapo waliofumua hedi (kichwa cha injini, kinachokaa juu ya bloku) kwa sababu ya hilo tu! Jaza mpaka sentimita 2 au 3 chini ya shingo, kisha endesha siku chache bila kuongeza. Yakibaki palepale, rejeta haina tatizo. Funga boneti uendelee na mambo yako.

Mtuhumiwa wa pili ni kifuniko cha rejeta. Ndani yake mna springi na raba inayokaa juu ya ukingo wa shingo. Raba ikikauka au springi ikilegea, presha haikai, maji yanachemka mapema na kutoka. Langu linatumia kifuniko cha paundi 7 kwa inchi ya mraba. Kila paundi moja inapandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 1.5 za Selsiasi, kwa hiyo hizo 7 zinakupa kama nyuzi 10 za ziada. Usishawishike kufunga kifuniko cha paundi 15 cha gari la kisasa ukidhani unalisaidia. Mfumo wa zamani haukuundwa kwa presha hiyo, na itatafuta kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote ipasulie hapo.

Usifungue kifuniko injini ikiwa na moto. Ukikifungua, mvuke utakurukia usoni kabla hujaondoa mkono. Na kulanti nyingi, zile dawa zinazochanganywa na maji ya rejeta, zina ethilini glaikoli, ambayo ni tamu na ni sumu. Ikimwagika sakafuni, ifute palepale kabla paka, mbwa au mtoto hajaionja.

Sasa tafuta. Tone linapoanguka si lazima ndipo linapotoka. Feni inapeperusha maji nyuma, yanafuata ubavu wa bloku, yanazunguka boliti mbili tatu, halafu yanadondokea chini ya gia boksi. Kwa hiyo osha injini, iache ikauke, tandaza kadibodi chini yake, kisha chukua tochi na kioo kidogo cha kushika mkononi. Mahali panapovuja polepole huacha ukoko mweupe au wa kijani, au michirizi ya kutu kwenye rangi ya bloku. Fuata michirizi hiyo kwenda juu mpaka inapoanzia.

Ukoko usipoonekana, azima pampu ya kupimia presha, ile ya mkono inayofungwa kwenye shingo ya rejeta. Pampu mpaka kiwango cha kifuniko chako, usizidishe, kisha ngoja robo saa. Mshale ukishuka, kuna mahali maji yanatoka. Pima injini ikiwa baridi, upime tena ikiwa na uvuguvugu, kwa sababu viungo vya hozi vina tabia ya kuvuja asubuhi tu, mpira ukiwa umesinyaa, na kukauka injini ikipata joto.

Kwa kweli mara nyingi ni hozi. Iminye kwa vidole: nzima inarudi yenyewe, iliyochoka inabonyea kama andazi au inatoa mlio wa kukatika ndani. Ukikaza klipu nusu mzunguko na kuvuja kukaisha, vizuri. Ukirudia kukaza kila wiki, mpira umekwisha, badilisha. Hozi iliyogandamana usiivute wala usiichokonoe kwa bisibisi, maana shingo ya rejeta ni shaba nyembamba na inapinda upesi. Ichane kwa wembe kwa urefu, ibandue. Safisha shingo kwa msasa laini mpaka mashimo ya kutu na ukoko viishe. Unaporudisha, klipu ikae nyuma ya ule ukingo uliovimba, isikae juu yake wala kwenye ncha ya mpira.

Injini za ukoo huu zina hozi moja ambayo ningeikagua kabla ya zote: ya baipasi, inayozungusha maji ndani ya injini kabla themostati haijafunguka. Ni kipande kifupi sana, kimesimama wima kati ya wota pampu na sakafu ya hedi, nyuma ya feni. Ikipata ufa, feni inatawanya maji kila upande na mtu anaapa kwamba gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imekufa. Hozi ya asili, iliyonyooka, haiingii mpaka utoe wota pampu. Iko nyingine yenye mikunjo kama ya kinanda cha mkononi, na hiyo inaweza kuingizwa pampu ikiwa mahali pake. Vika klipu zote mbili kwanza, vichwa vya skrubu vikitazama upande ambao bisibisi yako inafika. Paka maji ya sabuni ncha zote mbili, ibane mikunjo ishikane, ingiza ncha ya chini, kisha iachie ipande yenyewe kwenye ncha ya juu. Vidole vitachubuka. Siku yoyote utakayotoa wota pampu kwa sababu nyingine, badilisha hozi hii hata kama inaonekana nzima.

Chini ya wota pampu kuna kitundu. Kimewekwa makusudi, ili sili ya ndani ikichoka maji yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Usikizibe kwa gundi wala kwa skrubu, ingawa utakuta pampu nyingi zimefanyiwa hivyo. Kitundu kikidondosha mfululizo, au ukishika feni ikacheza mbele na nyuma, pampu imefika mwisho. Ni boliti nne na gasketi mpya, baada ya kutoa rejeta na feni.

Nyumba ya themostati, ile vali inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto, ndipo penye kazi ya subira. Ni ya alumini, imeshikwa na stadi (boliti zisizo na kichwa) tatu za chuma, na baada ya miaka mingi metali hizo mbili zinakuwa zimeshikana kwa kutu. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, yaache usiku kucha. Asubuhi toa nati, kisha gonga kuzunguka nyumba taratibu kwa kipande cha mbao. Ukitumia patasi kuichokoa, utaipasua au utakwangua uso wa hedi, na hapo tatizo dogo limekuwa kubwa. Ikitoka, bandika msasa juu ya kioo cha dirisha na uisugue uso chini kwa mizunguko mpaka rangi ya alumini iwe moja kote. Weka gasketi mpya ya karatasi iliyopakwa grisi kidogo. Silikoni ni kwa uso wenye mashimo tu, na iwe nyembamba, kwa sababu inayofurika ndani hukatika na kwenda kuziba mirija ya rejeta. Upande wa themostati wenye springi utazame injini. Kaza nati tatu kwa zamu, kidogo kidogo.

Vizibo vya bloku, vile visahani vya chuma ubavuni, huoza kutoka ndani. Kikianza kutoa jasho lenye kutu, toboa katikati, ingiza skrubu, kivute nje. Usikigonge kikaingia ndani. Safisha kiti chake, paka sili kidogo, kisha gonga kipya kilingane.

Rejeta inayovuja kwenye mshono wa tangi unaweza kuilehemu mwenyewe kwa solda ya risasi na bati: safisha mpaka shaba ing'ae, paka fluksi (dawa inayosaidia solda kushika), tumia chuma kizito cha kulehemu. Moto wa tochi ya gesi unayeyusha na viungo vya jirani. Mrija wa katikati ukitoboka, mpelekee fundi wa rejeta.

Poda za kuziba, ute wa yai na pilipili manga vinaweza kukufikisha nyumbani, na mimi sivipi kazi zaidi ya hiyo. Vinaziba tundu, kisha vinaendelea kuziba hita.

Ukiona mapovu mfululizo kwenye shingo ya rejeta, oili imegeuka rangi ya maziwa, au ekzosi inatoa moshi mweupe wenye harufu tamu hata injini ikiwa imepata moto, acha. Hapo ni gasketi ya hedi au ufa, na si kazi ya hozi na klipu.

Wakati wa kujaza tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke pamoja na kulanti ya aina ya zamani yenye silikati. Zile zilizoandikwa OAT, yaani za kisasa zenye asidi za kikaboni badala ya silikati, nazikwepa kwa injini za umri huu, kwa sababu zinaweza kushambulia solda na sili za zamani. Fungua koki ya hita mpaka mwisho, mimina polepole, washa injini bila kifuniko, minya hozi ya juu mara kwa mara mpaka mapovu yaishe. Funga, endesha mpaka geji itulie, zima, uache ipoe kabisa. Ongeza palipopungua, kisha pitia klipu zote kwa bisibisi mara moja zaidi, kwa kuwa mpira mpya hulegea kidogo baada ya joto la kwanza.