Kujenga laini ya simu inayoelewa Kiswahili, hatua kwa hatua

Mwanachama wa ushirika mwenye simu ya kitochi hana intaneti, lakini sauti anayo. Ndiyo maana nikiombwa mfumo wa kukusanya taarifa vijijini, huanza na simu inayouliza na kuelewa inachojibiwa. Tuchukue mfano wa chama kinachotaka kujua kila mwanachama ana magunia mangapi ya mahindi na anayauza kwa bei gani.

Hatua ya 1: Andika maswali kwanza

Usiguse kompyuta bado. Andika mazungumzo yote kwenye karatasi, kila swali liwe na jibu fupi linalotabirika. Ukiuliza "Tukusaidie nini?", utasimuliwa habari za mvua, za mbolea iliyochelewa na za lori lililokwama. Ukiuliza "Una magunia mangapi? Taja idadi tu," utapata neno moja au matatu. Mwaka 1992 AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, ilianza kushughulikia simu zilizokuwa zikipitia kwa opereta kwa mfumo uliotambua maneno matano tu. Uchache huo ndio uliouwezesha kufanya kazi.

Hatua ya 2: Unganisha simu

Asterisk, programu huria, hupokea simu na kuipitisha sauti kwenye programu yako. Kama huna seva, kodi huduma ya sauti kwa kampuni kama Africa's Talking. Weka utaratibu wa kubipu: mwanachama anabipu, mfumo unampigia, chama kinalipa. Anayehofia salio huongea mbiombio, na maneno humezwa.

Hatua ya 3: Chagua programu ya kutambua usemi

Simu ya kawaida hubeba masafa ya takriban hezi 300 hadi 3,400, na sauti huchukuliwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 8,000 kwa sekunde. Whisper, programu huria ya OpenAI ya kugeuza usemi kuwa maandishi, hufanya kazi kwa sampuli 16,000. Kuzigeuza ni rahisi, lakini kilichokatwa njiani hakirudi, kwa hiyo pima programu kwa simu halisi, kamwe si kwa rekodi safi ya studio. Itajie lugha kuwa ni Kiswahili, maana kwa jibu la neno moja huweza kukisia lugha nyingine. Kata ukimya pia: ikipewa sauti isiyo na mtu, huweza kubuni maneno. Ukitaka kuifunza zaidi, chukua rekodi za Kiswahili za Common Voice, mradi wa Mozilla wa sauti zinazochangwa na watu, uzishushe hadi sampuli 8,000 kwanza ili zifanane na za simu.

Hatua ya 4: Shughulikia namba

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. "Sita" na "tisa" zina sauti zilezile zilizopinduliwa. "Saba" na "sabini" hutenganishwa na mwisho tu. Halafu kuna "elfu sitini na tano": kwa huyu ni 65,000, kwa yule ni 60,005. Hakuna auzaye gunia kwa 60,005, basi iandikie programu kanuni hiyo. Ielewe pia "laki", "buku tano" na namba za Kiingereza zinazochomekwa katikati. Ukiuliza saa ya kuleta mzigo, "saa mbili asubuhi" ihifadhiwe kama 08:00.

Hatua ya 5: Rudia ulichosikia

"Nimesikia magunia arobaini. Kama ni sahihi sema ndiyo, au bonyeza moja." Kubali "ndiyo", "eeh", "naam", "haswa", na upande wa pili "hapana", "la", "siyo". Usiulize "Si arobaini?", kwani "ndiyo" ya hapo haieleweki. Mfumo ukishindwa mara mbili, hamia kwenye vitufe. Ukishindwa tena, mpe mpigaji karani. Mzee wa watu asiambiwe "sijakuelewa" mara tano.

Hatua ya 6: Omba idhini

Mwambie mpigaji kwamba sauti inarekodiwa na kwa nini. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mimi hufuta sauti namba ikishathibitishwa, isipokuwa mwenyewe ameniruhusu kuitumia kufunzia.

Hatua ya 7: Jaribu sokoni

Wape simu wazee, kina mama, vijana, wakiwa mnadani penye bodaboda na spika. Kisha kila wiki sikiliza majibu yaliyokataliwa, kwa idhini ya wenyewe. Kabla ya kubadili programu, badili swali: mara nyingi kosa limo kwenye swali lenyewe, na kulirekodi upya ni kazi ya dakika chache.